Siku 200 za CHAN: jinsi Kenya, Tanzania na Uganda zilivyopata viwanja, na kilichosalia getini

Tarehe 14 Januari 2025 Shirikisho la Soka Afrika, CAF, lilitangaza kwamba mashindano ya CHAN, yale ya timu za taifa zinazoundwa na wachezaji wa ligi za ndani pekee, hayataanza tarehe 1 Februari kama ilivyopangwa, bali yatasogezwa hadi Agosti. Zilikuwa zimebaki siku 18 mpira uwekwe kati. Droo ya makundi ilikuwa imeshaandaliwa Nairobi, na kweli ilifanyika siku iliyofuata katika ukumbi wa KICC, mataifa yakapangiwa wapinzani wa mashindano ambayo tarehe yake kamili haikuwa imejulikana bado. CAF ilieleza kwa lugha ya staha kwamba kazi kubwa imefanyika katika viwanja vya mechi, viwanja vya mazoezi, hoteli na hospitali za nchi tatu waandaaji, lakini wataalamu wake wa ufundi na miundombinu wameshauri muda uongezwe ili kila kitu kifikie kiwango.

Kuanzia tangazo hilo hadi Tanzania ilipoikaribisha Burkina Faso katika Uwanja wa Benjamin Mkapa, tarehe 2 Agosti 2025, zilipita siku 200 kamili. Katika uchambuzi huu nataka kuonyesha kwamba siku hizo, ambazo wengi wetu tulizipokea kama fedheha, ndizo zilizoyaokoa mashindano, na kwamba upungufu uliozifanya ziwe za lazima haukuwa upungufu wa viti wala wa saruji. Viwanja vikubwa tulikuwa navyo kwa miongo mingi. Tulichokosa ni mtu wa kuvitunza kati ya sherehe moja na nyingine, na hadi mashindano yanakwisha kulikuwa na sehemu moja ya uwanja, ile ya getini, ambayo haikuwa imepata ufumbuzi.

Mtu asiyejua yaliyotangulia anaweza kudhani kwamba CAF iliharakisha kuhukumu. Kenya ilikuwa imepewa fainali za Mataifa ya Afrika za 1996 ikashindwa kuziandaa, zikapelekwa Afrika Kusini. Miaka 20 baadaye ikapewa CHAN ya 2018. Viwanja vilivyokusudiwa vilikuwa Kasarani na Nyayo jijini Nairobi, Kipchoge Keino mjini Eldoret na Kinoru mjini Meru, na kila ujumbe wa ukaguzi ulipofika ulikuta mafundi wakiwa kazini na makandarasi wakitaja tarehe mpya. Septemba 2017, katika wiki zile zile ambazo Mahakama ya Juu ilikuwa imefuta matokeo ya uchaguzi wa rais na nchi ikisubiri uchaguzi wa marudio, CAF iliinyang'anya Kenya mashindano hayo na muda mfupi baadaye ikayakabidhi kwa Morocco. Morocco iliyaandaa kwa miezi michache tu na ikalitwaa kombe lenyewe Februari 2018 kwa kuifunga Nigeria mabao 4-0 mjini Casablanca. Haikuweza kufanya hivyo kwa sababu ina uchawi wa ujenzi. Viwanja vyake vilikuwa vikitumika kila wiki na kukaguliwa kila msimu, kwa hiyo kuongezewa mashindano ya wiki tatu kulikuwa kuongezewa kazi ambayo watu wake walikuwa wanaifanya tayari.

Kwetu hali ilikuwa kinyume. Uwanja wa Mandela ulioko Namboole, nje kidogo ya Kampala, ambao umekuwapo tangu 1997, uliondolewa katika orodha ya viwanja vilivyoidhinishwa kwa mechi za kimataifa, na Uganda ikahamia kwa muda katika uwanja wa St. Mary's, Kitende, kabla ya huo nao kukataliwa. Ndiyo maana Machi 2023 Uganda iliikaribisha Tanzania, jirani yake anayepakana naye kwa nchi kavu na kwa ziwa, katika mji wa Ismailia nchini Misri, na bao la Simon Msuva likaipa Taifa Stars ushindi wa ugenini katika nchi ambayo haikuwa ya yeyote kati yao. Mwaka uliofuata ikawa zamu ya Kenya. Juni 2024 Harambee Stars walicheza mechi zao za nyumbani za kufuzu Kombe la Dunia, dhidi ya Burundi na Côte d'Ivoire, mjini Lilongwe, Malawi. Kisha Septemba na Oktoba mwaka huo waliikaribisha Zimbabwe na Cameroon pale pale Namboole, ambako kikosi cha wahandisi wa jeshi la Uganda, UPDF, kilikuwa kimeshaukarabati uwanja na kuufungua tena.

Mambo haya yanapaswa kusomwa pamoja na tarehe nyingine. Septemba 2023, mjini Cairo, CAF iliwapa Kenya, Tanzania na Uganda, kwa ombi lao la pamoja lililoitwa Pamoja, fainali za Mataifa ya Afrika za 2027. Kwa hiyo katika mwaka ule mmoja, mataifa matatu yalipata heshima kubwa kuliko zote za soka barani huku mawili kati yake hayana hata uwanja mmoja wa kuchezea mechi ya kufuzu nyumbani. CHAN iliwekwa mbele ya fainali hizo kama mtihani wa majaribio, na mtihani wa majaribio ukishaahirishwa, mwanafunzi hana budi kujiuliza alikuwa anasoma nini.

Ukimwuliza mpita njia uwanja ni nini, atakuambia majukwaa na paa. Mkaguzi wa CAF huanza chini, kwenye nyasi. Anapima kama eneo la kuchezea lina mita 105 kwa 68, anatazama mstari wa pembeni kama una nafasi ya kutosha kabla ya mabango, anakanyaga udongo, anauliza maji ya mvua yanaelekea wapi. Halafu anakwenda kwenye vyumba vya kubadilishia nguo, chumba cha waamuzi, chumba cha kupima dawa zilizopigwa marufuku, njia ya gari la wagonjwa, nguvu ya taa na umeme wa akiba, sehemu ya kufungia kamera za mwamuzi wa video, na mwisho viti na mageti. Vitu vingi kati ya hivyo vinaweza kununuliwa na kufungwa kwa mwezi mmoja iwapo fedha zipo. Nyasi hazinunuliki kwa namna hiyo, kwa sababu hazina budi kuota, kushika mizizi, kukatwa, kupumzishwa na kukatwa tena, na hakuna waziri wala mkandarasi anayeweza kuziamuru ziharakishe.

Mfano ulio wazi zaidi umetokea Dar es Salaam, na ninaukazia kwa sababu Tanzania ndiyo iliyoonekana kuwa mbele ya wenzake wote wawili. Uwanja wa Benjamin Mkapa, uliojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa 2007, unachukua watu 60,000 na ndio uliopewa heshima ya kuandaa mechi ya kwanza ya African Football League, Simba na Al Ahly, Oktoba 2023. Lakini uwanja huo ni nyumbani kwa karibu kila kitu: Simba, Yanga, Taifa Stars, mechi za klabu za CAF, matamasha ya kufungulia msimu na shughuli za kitaifa. Machi 2025, miezi miwili tangu CHAN iahirishwe na ikiwa imebaki chini ya miezi mitano ianze, CAF iliufungia kwa muda kwa sababu ya hali ya eneo la kuchezea. Ulifunguliwa, Simba wakaitoa Al Masry ya Misri hapo mwezi Aprili, kisha nusu fainali ya Kombe la Shirikisho dhidi ya Stellenbosch ikachezwa Zanzibar, katika Uwanja wa Amaan.

Halafu ikaja fainali. Simba walikuwa wamefungwa 2-0 na RS Berkane nchini Morocco na walihitaji kelele za watu 60,000 nyuma yao. Mvua za masika zilikuwa zimeulowesha uwanja kiasi kwamba nyasi zilizokuwa zimechoka hazikuweza kuhimili mechi ya kiwango hicho, na mchezo wa marudiano wa tarehe 25 Mei ukapelekwa Amaan, uwanja mzuri uliofanyiwa ukarabati mkubwa na kufunguliwa upya Desemba 2023, lakini wenye nafasi ya takribani watu 15,000. Mashabiki wa Dar es Salaam walipanda boti kuvuka kwenda kuangalia fainali ya timu yao, na wengi zaidi walibaki upande wa bara kwenye vibanda vya televisheni. Mechi iliisha 1-1 na kombe likaenda Berkane. Siwezi kusema kwamba Simba wangeshinda kwa Mkapa. Hakuna anayeweza kusema hivyo kwa haki. Ninachoweza kusema ni kwamba nchi iliyokuwa na uwanja wa watu 60,000 ilicheza fainali yake kubwa ya klabu kwa robo ya umati huo kwa sababu ya sentimeta chache za udongo na mizizi.

Fundi wa nyasi yeyote anaweza kueleza kilichotokea. Nyasi za uwanja wa ukanda wa pwani hustahimili joto, ila zinapochezewa mara nyingi wakati udongo umelowa, viatu husukuma chembe za udongo zishikamane, hewa ikakosa njia ya kupita, mizizi ikabaki juu juu. Siku ya jua uwanja unaonekana wa kijani kabisa ukiutazama kutoka jukwaani. Ukishuka na kukanyaga karibu na goli, pale kipa anaposimama, au kwenye mstari wa pembeni ambako waamuzi wasaidizi hukimbia huku na huko, unahisi ardhi ngumu chini ya zulia jembamba, na beki akigeuka kwa nguvu kipande kizima kinang'oka na kiatu chake. Mvua kubwa inaponyesha juu ya ardhi ya namna hiyo maji hayazami, bali hutuama. Tiba yake ni kutoboa udongo kwa mashine, kumwaga mchanga, kusafisha mabomba ya kupitishia maji yaliyoko chini, na kuliko yote, kuacha uwanja ulale bila mechi. Hiyo ya mwisho haigharimu fedha nyingi, na ndiyo ngumu kuliko zote, kwa sababu inamtaka mtu mwenye mamlaka aseme hapana kwa klabu yenye mamilioni ya mashabiki, kwa mwandaaji wa tamasha, na wakati mwingine kwa serikali yenyewe.

Siku 200 zilitoa nafasi ya kusema hapana, ingawa haikuwa kubwa. Hata tarehe 25 Juni Mkapa ulitumika kwa mechi ya watani wa jadi, Yanga na Simba, ambayo ilikuwa imeahirishwa tangu Machi, na kutoka hapo hadi ufunguzi wa CHAN zilibaki siku 38. Fikiria hesabu ingekuwaje kama mashindano yangeanza Februari, katikati ya ligi, baada ya mvua za vuli na bila hata wiki moja ya mapumziko. Kwa upande wa Kenya, Nyayo ulirudi kupokea mechi za kimataifa Machi 2025, Harambee Stars walipofungwa 2-1 na Gabon, na Kasarani ulihitaji muda mrefu zaidi. Ilisaidia pia kwamba sherehe za Madaraka za mwaka huo zilifanyika Homa Bay. Utaratibu wa kuzungusha sikukuu za kitaifa katika kaunti umeanzishwa kwa sababu za kisiasa na za maendeleo ya mikoani, lakini kwa mtunza nyasi wa Nyayo ni zawadi, maana gwaride la jeshi na jukwaa la wageni huharibu uwanja kuliko wachezaji 22.

Agosti ilipofika, nyasi zilikubali. Mechi zilichezwa katika viwanja vitano: Kasarani na Nyayo, Mkapa, Amaan na Namboole. Abdul Suleiman, maarufu Sopu, alifunga kwa penalti bao la kwanza la mashindano, Mohamed Hussein akaongeza la pili, na Burkina Faso wakalala 2-0. Kenya wakaifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo 1-0 kwa bao la Austin Odhiambo, kisha wakaifunga Morocco 1-0 wakiwa kumi uwanjani, kwa bao la Ryan Ogam, siku ambayo sidhani Wakenya wataisahau. Uganda walianza vibaya kwa kufungwa 3-0 na Algeria lakini wakamaliza wakiongoza kundi lao. Wenyeji wote watatu walifika robo fainali na wote watatu wakaishia hapo, kila mmoja kwa maumivu yake, Kenya wakitolewa kwa penalti na Madagascar.

Ratiba yenyewe inafundisha jambo ambalo halikuzungumzwa sana. Mechi za mwisho za kila kundi huchezwa kwa wakati mmoja ili timu zisipange matokeo, na kwa hiyo kila kundi linahitaji viwanja viwili siku hiyo. Kundi la Kenya halikuwa na tabu, kwa sababu Zambia walicheza na Harambee Stars Kasarani wakati Morocco na Kongo wakiwa Nyayo, na msafara wa timu haukutoka nje ya jiji. Tanzania ilikuwa na Mkapa na Amaan, bahari katikati, na timu mbili zililazimika kuvuka kila mara, jambo la dakika chache kwa ndege lakini la siku nzima kwa vifaa na waamuzi. Uganda ilikuwa na uwanja mmoja tu. Wakati Cranes wakitoka sare ya 3-3 na Afrika Kusini mjini Kampala, Algeria na Niger, waliokuwa katika kundi hilo hilo, walikuwa wanacheza Nyayo, Nairobi, nchi nyingine kabisa. Jambo hili liliwezekana kwa sababu mipaka ya Afrika Mashariki ni myepesi kuliko mingi barani na kwa sababu kulikuwa na jirani mwenye uwanja wa ziada. Nalitaja kama udhaifu uliofunikwa vizuri, si kama kosa; katika mashindano ya mataifa 24, kama yatakavyokuwa ya Mataifa ya Afrika, mfuniko wa namna hiyo hautatosha, na ujenzi wa uwanja wa Hoima, wenye viti 20,000 kaskazini magharibi ya Kampala, unapata maana yake ya kweli hapo.

Viwanja vya mazoezi navyo vilistahili sifa kuliko vilivyopata. Nairobi, timu zilitumia uwanja wa Ulinzi, uwanja wa Police Sacco na ule mdogo ulio pembeni ya Kasarani. Hakuna anayelipa tiketi kuvitazama, wala rais anayekata utepe hapo, lakini timu hukaa mazoezini saa nyingi kuliko inavyokaa kwenye mechi, na tofauti na majukwaa makubwa, viwanja hivyo vinaweza kutumiwa na vijana mwaka mzima baadaye.

Sasa nifike getini, ambako naona kisa chenyewe hakijafungwa.

Katika mechi za mwanzo za Kenya pale Kasarani, watu wasio na tiketi waliingia kwa kusukumana, polisi wakatumia nguvu kuwazuia, na baadhi ya wenye tiketi walibaki nje. CAF iliitoza faini Shirikisho la Soka la Kenya, ikaonya kwamba mechi za Harambee Stars zinaweza kuhamishwa, na kwa mechi ya Zambia ikapunguza idadi ya watazamaji kutoka uwezo wa takribani 48,000 hadi 27,000, wote wakitakiwa kuwa na tiketi za kielektroniki pekee. Wengi walilipokea kama adhabu dhidi ya mashabiki wenye shauku kupita kiasi. Mimi naliona kama hesabu, na hesabu hiyo mtu yeyote anaweza kuifanya mezani.

Chukulia kwamba watu 48,000 wanafika katika saa mbili za mwisho kabla ya mechi, kama ilivyo kawaida yetu siku ya kazi. Hizo ni sekunde 7,200, kwa hiyo karibu watu saba wanatakiwa kupita kila sekunde. Ikiwa kila mtu anachukua sekunde sita kuonyesha tiketi kwenye simu na kupapaswa na mlinzi, ambazo ni chache mno, zinahitajika njia 40 zinazofanya kazi bila kukatika, kila moja ikiwa na kifaa chenye chaji, mtandao unaoshika na mlinzi asiyeondoka. Punguza watu wawe 27,000 na njia zinazohitajika zinakuwa 23. Njia zikiwa pungufu, foleni haisimami mahali pamoja ikisubiri kwa adabu. Inaongezeka nyuma, wa nyuma hawaoni kinachoendelea mbele, wimbo wa taifa unasikika ndani, na kila mmoja anasukuma hatua moja. Shinikizo la hatua hizo zote hukusanyika kwa watu walio kwenye chuma. Kwa hiyo kumlaumu shabiki peke yake ni kuacha kutazama upana wa mlango aliopewa.

Kitu kilichopaswa kufanyika kinajulikana, na Dar es Salaam kwa sehemu wanakifanya wakati wa mechi za watani kwa kufungua mageti tangu asubuhi, jambo linaloisambaza foleni kwa saa nane badala ya mbili. Kinachotakiwa zaidi ni mzunguko wa kwanza wa ukaguzi mbali na uwanja, barabarani, ambapo asiye na tiketi anageuzwa kabla hajafika ukutani, na mzunguko wa pili wa kuhakiki tiketi karibu na mlango. Kasarani ina ardhi ya kutosha kufanya hivyo, pengine kuliko uwanja mwingine wowote katika ukanda huu, kwa kuwa ulijengwa kwa ajili ya Michezo ya Afrika ya 1987 ukiwa na nafasi kubwa pembeni. Lakini mzunguko wa kwanza unahitaji waongozaji waliofunzwa, wenye vizibao na lugha ya heshima, na kwetu kazi hiyo huachiwa polisi wenye rungu na mabomu ya machozi, ambao mafunzo yao ni ya kutawanya umati, wakati geti linahitaji mtu wa kuupanga.

Kwa nini ninalikazania? Kwa sababu chini ya miezi miwili baada ya fainali, tarehe 16 Oktoba 2025, uwanja ule ule ulipokea mwili wa Raila Odinga ili wananchi wautazame. Mahali palibadilishwa siku hiyo hiyo kutoka Bungeni kwa sababu ya ukubwa wa umati uliokuwa umejitokeza tangu uwanja wa ndege. Waombolezaji walifurika, geti likavunjwa, vyombo vya usalama vikafyatua risasi na mabomu ya machozi, na watu wakapoteza maisha wakiwa wamekwenda kumuaga kiongozi wao. Mazishi si mechi, na uamuzi wa saa chache hauwezi kulinganishwa na maandalizi ya miaka. Hata hivyo kuta ni zile zile, mageti ni yale yale, na walinzi wanatoka katika vyombo vile vile. Onyo la Agosti lilikuwa limeshaandikwa na CAF kwa lugha ya faini na idadi ya tiketi. Kama lingesomwa kama onyo kuhusu jengo na watu wanaolisimamia, badala ya kusomwa kama ugomvi wa shirikisho na mashabiki, ninaamini Oktoba ingekuwa tofauti.

Mashindano yenyewe yaliisha vizuri, na lazima isemwe hivyo bila kigugumizi. Nusu fainali zilichezwa Kampala na Dar es Salaam, mechi ya mshindi wa tatu ikawa Kampala, na tarehe 30 Agosti Kasarani ilishuhudia Morocco wakiifunga Madagascar 3-2 katika fainali iliyochezwa kwa moyo na pande zote, Oussama Lamlioui akifunga mawili, moja kutoka mbali sana. Walioikosesha Kenya heshima ya uandaaji mwaka 2018 kwa kuwa tayari wakati sisi hatukuwa tayari, ndio walioinua kombe katika uwanja wetu. Halikunikera. Lilikuwa jambo la haki.

Fedha kubwa sasa ziko kwingine. Kenya inajenga uwanja mpya wa viti 60,000 wa Talanta kando ya Barabara ya Ngong, ambao Rais William Ruto alizindua ujenzi wake Machi 2024, na kwa sehemu kubwa unagharamiwa na hati fungani ya shilingi bilioni 44.79 ya miaka 15, yenye riba ya takribani asilimia 15, iliyoorodheshwa katika Soko la Hisa la Nairobi Julai 2025. Tanzania inajenga uwanja wa watu 30,000 Arusha. Sina ubishi na ujenzi wenyewe. Arusha inastahili uwanja, na Talanta itaipunguzia Kasarani mzigo. Ubishi wangu ni kuhusu mstari usioonekana katika bajeti hizo. Hati fungani ina tarehe ya kila malipo kwa miaka 15 ijayo, na mwekezaji anajua atalipwa lini na nani. Nyasi hazina ratiba ya namna hiyo. Hakuna uwanja wa umma ninaoufahamu katika nchi zetu tatu ambao kalenda yake ya mwaka inatangazwa hadharani ikiwa na wiki za mapumziko zisizoguswa, ikitaja idadi ya juu ya mechi kwa mwezi na jina la ofisa mwenye haki ya kukataa shughuli, hata ikiwa aliyeiomba ni wizara yake mwenyewe.

Kalenda hiyo inaweza kuandikwa kwa wiki moja, na wakati wake ni kabla ya fainali za Mataifa ya Afrika, si baada yake. Kwa Mkapa, ningeanza kwa kuufunga kwa mechi zote katika wiki za kilele cha masika na kuwahamishia Simba na Yanga viwanja vingine kwa makubaliano ya mapema, kabla CAF haijalazimika kufanya hivyo kwa barua. Kwa Kasarani, ningeanza kwa kuhesabu njia za kuingilia, kuzipiga namba, na kutangaza idadi ya watu wanaoweza kupita kwa saa, na idadi hiyo, badala ya ile ya viti, ndiyo iwe kikomo cha tiketi zinazouzwa kwa kila mechi.